Wakala anataka kutufungulia akaunti 10 za LinkedIn za watu wasiokuwepo. Tukubali?

Mwambao_Baga: Wakuu, habari za jioni. Tuna nyumba ya wageni Bagamoyo, vyumba 9. Wakala wa masoko anataka kufungua akaunti 10 LinkedIn (mtandao wa kijamii wa kazi na biashara), majina ya Kizungu, sura za kutengenezwa na kompyuta, zote "maofisa mauzo" wetu, ziwaandikie mawakala wa utalii Ulaya. Atakayejibu anakabidhiwa kwa meneja. Anadai makampuni makubwa ndivyo yanavyofanya. Kweli?

Fundi_Mitandao: Hapo hajakudanganya. 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliibua akaunti zaidi ya 1,000 za aina hiyo LinkedIn, nyingi za kutafutia wateja. Chanzo ni kikomo: akaunti moja hutuma maombi ya kuunganishwa takriban 100 tu kwa wiki, kwa hiyo ukiwa nazo 10 unapata 1,000. Ila ni kinyume cha masharti ya LinkedIn, na zikigundulika hufungwa.

Na kuzigundua si kazi. Sura za programu za zamani kama StyleGAN, macho hukaa palepale: pandanisha picha tatu, mboni zinalingana. Hereni sikio moja, nywele zinayeyukia begani. Picha za siku hizi ni safi zaidi, lakini wasifu wenyewe unaonyesha mwezi na mwaka akaunti ilipofunguliwa. Ofisa mwenye "uzoefu wa miaka 8" kajiunga juzi! Halafu maofisa mauzo 10 kwa vyumba 9, jamani?

Dada_Kaole: Mkuu, muulize pia akaunti zitafunguliwa kwa barua pepe na simu ya nani. Zikiwa zake, siku mkigombana anaondoka na wateja wote. Na picha ikiwa ya mtu halisi iliyookotwa mtandaoni, soma kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinahusu kujifanya mtu mwingine.

Mwambao_Baga: Nimewaelewa. Sasa tufanyeje?

Fundi_Mitandao: Akaunti moja ya meneja, jina lake na sura yake. Maombi 15 kwa siku ya kazi, kwa mawakala ambao tayari wanauza safari za hifadhi ya Saadani au Zanzibar tu. Ujumbe mistari mitatu: vyumba, bei ya wakala wa utalii (ya masika itaje peke yake), umbali kutoka Dar. Kiungo usiweke kwenye ujumbe wa kwanza, wengi watakuona tapeli. Anza Septemba, maana maonyesho ya utalii ya WTM London huwa Novemba na wengi wanapanga ratiba za mikutano kabla ya hapo.