Ampu ya mtumba imezima siku ya nne, muuzaji anakataa waranti

Alto_Uyole
Habari za jioni wakuu. Kwaya yetu tulichanga tukapata laki mbili na themanini tukanunua ampu (kikuza sauti) ya mtumba kutoka Japani pale Mwanjelwa, Mbeya, muuzaji akasema waranti wiki mbili ila kwa mdomo tu, kwenye risiti kaandika "ampu 1" basi. Siku tatu imepiga safi kabisa, ya nne tumewasha imetoa mlio tik ikazima mazima, harufu kidogo. Muuzaji anasema tumeiunguza wenyewe. Fundi wa karibu anataka laki na ishirini abadilishe transfoma na transista zote. Nimelia jamani, hizo ni hela za watu wanaouza viazi.

Fundi_Soweto
Pole sana dada. Usimpe hela kwanza. Geuza nyuma hapo waya unapoingilia, imeandikwa AC ngapi?

Alto_Uyole
100V 50/60Hz. Alitupa na kaboksi kazito akasema ni stebilaiza, siku hiyo mazoezi yalikuwa kwa mzee wa kanisa kaboksi kalibaki kanisani, kijana akachomeka ukutani moja kwa moja

Fundi_Soweto
Ndo hapo sasa. Hako sio stebilaiza, ni transfoma ya kushusha umeme, kwetu ukutani ni 230 na Japani wanatumia 100, stebilaiza ingekupa 230 ileile. Mara nyingi kinachokatika kwanza ni fyuzi ya kioo, kwa hiyo fundi aanze hapo, aweke yenye namba ileile asifunge waya! Kabla ya kuwasha aunge globu ya kizamani ya wati 60 kwenye waya mmoja unaoingia kwenye kaboksi, sio ya LED. Ikiwaka mara moja ikafifia mko salama, ikibaki inawaka kali kuna shoti ndani, azime hapohapo. Na transista za kutoa sauti feki zimejaa sokoni, msibadilishe nzima.

Mnyalu_Iringa
Kamwene. Mi naona muuzaji bado ana kesi, kuuza kitu cha 100V halafu unaita transfoma stebilaiza ni kumpotosha mteja, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza hilo, mtumba au mpya. Rudini wawili watatu mkaongee naye kwa upole, mwambieni achangie ufundi. Halafu aandike upya risiti, modeli, serial namba, waranti siku ngapi na inahusu nini, asaini. Mimi spika zangu raba za pembeni zilikatika wiki ya pili sikuwa na karatasi, nikaambiwa sikununua hapo.

Alto_Uyole
Wakuu ilikuwa fyuzi!! Globu imewaka ikafifia, tukatoa globu, tumesubiri kama sekunde tano ikalia tak sauti ikatoka. Muuzaji kalipa ufundi elfu kumi na tano na kaandika waranti mwezi mmoja. Kaboksi tumekafunga na waya wa ampu kwa tepu. Ndaga fijo, asanteni sana.