Imebaki siku 19 mbele ya ekzame na notsi hazikai mu kichwa, nyinyi munasomaka namna gani?

Mutoto wa Bagira

Jambo bandugu. Mi niko promosio ya kwanza (mwaka wa kwanza) mu medsini hapa Bukavu, sesio inaanza mu siku 19, naomba munisaidie na mawazo juu njia zangu zote zimeisha. Shida haiko uvivu. Nasoma kila siku, naamka saa kumi ya usiku mbele batoto baamuke (tuko bantu tisa mu nyumba ya vyumba tatu), nachukua silabisi ya anatomi nasoma paji ine, narudilia, napiga marikeri ya manjano mpaka karatasi yote inakuwa manjano, na saa yenye nafunga naona kabisa kama najua. Kesho yake mwenzangu ananiuliza kitu moja tu ya ile paji na sikumbuke kitu, ata neno moja. Mu intero (ekzame ndogo) ya mwisho nilipata 7 ku 20, na ilikuwa mambo yenye nilisoma mara tano! Nililia, sitadanganya.

Umeme inakuyaka inaenda, telefone yangu ni ya zamani haiwezi kubeba programu kubwa, na pesa ya kufotokopi kila kitu hakuna. Nasikia banasema kuko namna ingine ya kusoma, na michoro, na nyimbo, na kutembea. Inasaidia kweli ao ni mambo ya batoto ba primeri? Mwenye alishafanya na ikamusaidia mu ekzame ya kweli aniambie vile alifanya, asiniambie tu "jipe nguvu". Nguvu niko nayo.

Biki Nyeusi

Mudogo wangu, pole na ile 7. Mi nilimaliza droa (sheria), na promosio ya kwanza niliirudilia yote juu ya ile ile marikeri ya manjano, kwa hiyo nakujibu na roho yote.

Kitu yenye inakudanganya ni macho. Ukisoma paji mara ya tano macho inaitambua, sawa vile unakutana na mutu mu njia unatambua sura lakini jina haikuye. Sasa ku ekzame habakuulize kama unatambua sura, banakuuliza jina! Lazima uzoeze kichwa kutosha yenye iko ndani, kuingiza peke haiwezi kukusaidia.

Mu 2006 Roediger na Karpicke, ba Marekani, balipima hii mambo na banafunzi. Kundi moja ilisoma maandiko kisha ikasoma tena. Ingine ilisoma mara moja, ikafunga, ikaandika yote yenye inakumbuka bila kuangalia. Nyuma ya dakika 5 benye balirudilia kusoma njo balikuwa mbele, 81 ku mia, bengine 75. Unaona? Pale njo tunadanganyikaka, juu tunajipima palepale. Lakini nyuma ya siku 7 mambo ilipinduka: benye balijipima balikumbuka 56 ku mia na benye balisoma tena 42. Na ekzame haikuyake nyuma ya dakika 5.

Vile mi nilifanya: ile karto ya biskuti na ya savoni bantu ba butiki banatupaka, omba, hawakukataze. Kata bipande vya ukubwa wa kadi ya uchaguzi. Mbele andika ulizo, nyuma jibu ya mafupi. Ulizo ya kweli, usiandike titre ya shapitre, juu titre haikuulize kitu. Kisha tafuta mikebe tatu ya maziwa ya unga. Ya kwanza unaipitia kila siku, ya pili kila siku ya tatu, ya tatu mara moja kwa wiki. Ukijibu vizuri, kadi inaenda mukebe ya mbele. Ukikosa, inarudi ku ya kwanza, ata kama ilishafika ya tatu, usiihurumie. Ni Sebastian Leitner njo alieleza hii ya masanduku mu kitabu ya Kijerumani ya 1972, mi nilibadilisha sanduku na mukebe tu. Mu droa sivile nilikuwa na kadi 340, siku mbili za mwisho nilibaki nasoma 60 tu zenye zilikataa, zingine nilishazijua na nilikuwa na amani ya kulala.

Angalisho moja: usipoteze siku kumi kupamba kadi. Zako 19, tumia nne kuandika, na ukiandika ya leo jioni unaanza kujiuliza papo hapo.

Yaya Anato

Ile ya Biki Nyeusi ni kweli, mi naongeza ya anatomi juu niko mu masomo ya mwisho ya medsini na najua kitu yenye inakutesa: ile majina haina maana kwako. Jina yenye haina maana inaponyoka, ata ukiandika ku kadi. Ebbinghaus, Mujerumani mwenye alichunguza kukumbuka, alishaonyesha hiyo mu 1885, alijipima yeye mwenyewe na silabu za bure zenye hazisemi kitu na akaona vile mbio zinapotea. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupatia jina mahali ya kukaa.

Mi nilitumia soko ya Kadutu. Usicheke, soma mpaka mwisho. Neri za kichwa (zile nyuzi zenye zinabeba habari kati ya ubongo na mwili) ziko 12 na profesa anazipendaka sana. Nilichukua njia yenye napitaka kila siku toka nikiwa mutoto, nikaweka kila neri mahali yake, kwa mupango:

Naingia, ya kwanza ni mama wa sambaza za kukausha, harufu inakukamata mbele umuone: OLFAKTIFU, kunusa. Karibu yake mwenye anauzisha miwani: OPTIKI, kuona. Kisha mutu wa moto (pikipiki), anageuza macho juu, chini, huku na huku juu apate kliya: OKULOMOTERE, na moto iko ndani ya jina kabisa! Ya ine, pale banajenga etaje, banapandisha mchanga na kamba ku puli. TROKLEARI. Mu Kilatini trochlea ni puli, na ule musuli ya jicho yenye neri hii inaongoza, kano yake inapita kweli mu kitu sawa puli, kwa hiyo hapa hauko unadanganya kichwa, uko unajifunza anatomi yenyewe. Ya tano batoto batatu, mapacha, banatafuna muwa: TRIJUMO, tatu, kutafuna, na kusikia ku ngozi ya uso. Ya sita kijana anaangalia pembeni juu anaogopa mwenye anamudai: ABDUSENSI, jicho kwenda inje. Ya saba ni studio ya foto, "cheka kidogo": FASIALI, sura yote inatembea. Ya munane mwenye anauzisha muziki na bafle kubwa, na mbele yake mubebaji anashuka ngazi na gunia ku mugongo bila kuanguka: VESTIBULO-KOKLEARI, kusikia na kusimama sawasawa. Ya tisa malewa, mutu anameza bugali: GLOSOFARINJIALI. Ya kumi mutoto wa mandazi mwenye anazunguka soko yote, leo hapa kesho kule: VAGI, juu vagus ni mwenye kuzungukazunguka, na ile neri inatoka kichwani inazunguka mpaka moyo, mapafu, tumbo. Ya kumi na moja, butiki ya aksesuari za telefone, mwenye butiki unamuuliza bei anapandisha mabega: AKSESUARI, musuli ya bega na ya shingo. Ya mwisho mutoto analamba bombo na ulimi yote iko inje: HIPOGLOSI.

Siku ya ekzame nilifunga macho nikaingia sokoni. Zote 12 zilitoka, na mupango yake, na kazi yake. Ile njia iko ya zamani sana, Cicero wa Roma aliandika kama ni mushairi wa Kigriki Simonides njo aliianzisha, lakini ya kukopa soko ya mutu mwingine haikamate. Weye uko Bagira, chukua Bagira. Na kama unaweza, enda utembee ile njia kwa miguu kweli mara ya kwanza, useme kila jina pale penyewe kwa sauti ya chini.

Hesabu Tu

Niruhusu nikatae kidogo. Bantu banasoma hii mambo ya soko na nyimbo kisha banaitia mu kila kozi, na mu fizike na biokimi ya kuhesabu inabaangusha. Nilikuwa na rafiki, formile zote aliziimba, zote, na wimbo ilikuwa muzuri, lakini siku ya ekzame alikaa mbele ya problemu hajui ni formile gani ya kukamata. Kuimba kulimupatia sanduku ya byombo bila kumufundisha kufungua vis.

Kwa kozi za hesabu fanya hivi: chukua maekzersisi ya shapitre tatu tofauti, andika kila moja ku karatasi yake bila namba ya shapitre, changanya sawa karata, chota. Mbele ya kuhesabu ujiulize tu "hii inaomba nini, na juu ya nini?" Ukifanya ishirini ya aina moja mufululizo, kuanzia ya tatu hauko unafikiri tena, mukono njo unafanya kazi. Ukichanganya ni nguvu zaidi na utakosa mingi siku za kwanza, usiogope. Na kila kosa uiandike mu kakaye kadogo (daftari): nilifanya nini, ilifaa nini. Kale kakaye usiku wa mwisho kanapita silabisi yote.

Mama Wawili

Banangu, nimefurahi kusoma hapa. Mi nilisoma pedagoji niko na batoto babili na meza ya nyanya sokoni, saa ya kukaa na kitabu sikuwa nayo, kwa hiyo natoa yenye ilinisaidia mi.

Nilikuwa najirekodi ku telefone, ata ile ndogo iko na kurekodi. Lakini sikusoma notsi mu sauti, hapana. Nilirekodi ULIZO, kisha ninanyamaza, nahesabu mpaka kumi mu roho, kisha jibu. Sasa nikipanda na ndoo ya nyanya ku mulima, sikio moja iko na ekuta, sauti yangu inaniuliza, mi najibu nikitembea, kisha inaniambia kama nilisema sawa. Bukavu yote ni kupanda na kushuka, ile saa mbili kwa siku za miguu zilikuwa oditwari yangu. (Upande wa barabara weka sikio moja tu, motari habaangalie.)

Ya pili ni kufundisha. Jioni umeme ikienda nilikuwa naita mukubwa wangu, alikuwa na miaka kumi, namueleza kozi bila maneno ya kizungu. Akisema "mama sijasikia", pale pale najua kama mi njo sijasikia. Nachora na makaa ku ukuta wa nyuma, nafuta, anachora yeye. Bwana yangu alilalamika juu ya ukuta mpaka pwa (alama za ekzame) zilipotoka.

Na wewe mwanangu wa Bagira, saa kumi ya usiku sawa, lakini unalala saa ngapi? Kama unalala saa sita ya usiku njo unapoteza yenye unasoma. Kichwa inapanga bintu vyake mu usingizi. Lala saa tatu na nusu, basi saa kumi itakuwa na faida.

Mutoto wa Bagira

Asanteni sana yaya, mama, bakubwa bote. Sikujibu mbio juu nilitaka kujaribu kwanza, leo ni siku ya tano.

Butiki ya jirani ilinipatia karto tatu, niko na kadi 112 na mikebe mbili (ya tatu natafuta). Siku ya kwanza ilinivunja roho, nilijibu 19 ku 60, nikaona kama mi sijue kitu kabisa, lakini leo ku zile zile 60 nilijibu 44. Dada yangu mudogo njo ananiuliza, amezijua mbele yangu. Mama, sasa nalala saa ine, mbele ilikuwa saa saba.

Njia nilichukua ya kwetu toka nyumbani mpaka mahali tunachotaka mayi. Hatukuwa na butiki ya aksesuari, niliweka shangazi yangu juu anapandishaka mabega kila mara. Zinatoka zote, ila nachanganya ya ine na ya sita, zote ni jicho. Nifanye nini?

Yaya Anato

Ya shangazi ni nzuri kupita yangu.

Ya ine na ya sita bote banachanganyaka. Wapatie kazi, usiwaache basimame tu. Ule wa puli anavuta kamba na anaangalia CHINI kwa mwenzake mwenye anatia mchanga, juu ule musuli inashusha jicho. Wa sita anaangalia INJE, pembeni, upande ya sikio. Sasa simama mbele ya kiyoo, fanya na macho yako: chini upande ya pua, puli. Pembeni, mwenye deni. Mara kumi asubui, mara kumi jioni, na leo tengeneza kadi moja yenye inauliza hizo mbili pamoja: "nani anaangalia chini, nani anaangalia inje?" Iweke mu mukebe ya kwanza. Siku ya mungu nakuya Bagira kwa mama mukubwa, nitakuletea mukebe ya tatu, na utanitembeza ile njia yako mpaka ku mayi, weye mbele, mi nakuuliza.