Video za harusi mnazihifadhi wapi, HDD, SSD au huko mtandaoni?

Mpigapicha_Igoma

Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza hapa, kazi yangu kushuti na kuediti video za harusi, sendofu, kichenipati, mahafali, hata misiba nikiitwa naenda. Ishu yangu leo ni hifadhi. Natumia kamera mbili za Sony A7 III, zote nashuti 4K, kila wikendi mzigo mpya unaingia, sasa eksteno yangu (diski ya nje, HDD) ya 2TB imejaa na toka juzi imeanza kulia tik... tik... halafu kompyuta inaganda kidogo ndo folda inafunguka. Humo ndani kuna harusi ya watu wa Ukerewe bado sijawakabidhi.

Naombeni ushauri ninunue nini sasa. HDD tena, zile zenye sahani zinazozunguka, au nihamie SSD, zile za memori tupu zisizo na kinachozunguka, moja kwa moja? Kuna jamaa huku mjini anatembeza SSD ya eksteno 16TB kwa elfu 55, kadude kadogo kanaingia mfuko wa shati, anasema mzigo wa Dubai. Na kuna mtu kaniambia niachane na madude yote hayo niweke tu mtandaoni. Halafu swali la kizushi, mbona hii 2TB yangu toka siku ya kwanza kompyuta ilikuwa inaonyesha 1.81? Nilipunjwa dukani? Nawasilisha.

jiwe_la_bismarck

Mkuu funga huu uzi kwanza kakopi harusi ya Ukerewe SASA HIVI. Ukiona HDD inalia tik tik mara nyingi kile kichwa kinachosoma sahani kinahangaika, kinajaribu kinashindwa kinarudi kinajaribu tena, inaweza kudumu mwezi au isiamke kesho asubuhi. Usianze kukopi kila kitu kwa mpangilio, anza na hilo folda moja ambalo usipokuwa nalo watu wanakuja na ndugu zao, mengine baadae. Na usiirani ile chekidiski (programu ya kukagua diski) ya Windows eti uirekebishe, unaichosha bure, kwanza toa mali ndani ndo mengine yafuate.

Ya 1.81 hujapunjwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Ni baiti zilezile trilioni mbili, hesabu tofauti. Ukiichomeka kwenye Mac itakuonyesha 2TB kamili na roho yako itatulia.

Fundi Mabatini

Hiyo 16TB ya elfu 55 kimbia, tena usigeuke nyuma. Mimi hizo nafungua sana hapa kwenye benchi, wanaleta wateja wakiwa wamenuna. Ukibandua kile kifuniko ndani unakuta kabodi kadogo, memori kadi ndogo ya simu imepachikwa humo kwa gundi, na pembeni kuna kipande cha chuma hakina kazi yoyote, kimewekwa ili mkononi uhisi uzito. Basi. Ndo 16TB yenyewe hiyo.

Ujanja wake uko hivi, wamechezea programu ndogo ya ndani ili iidanganye kompyuta kwamba ukubwa ni 16TB wakati memori halisi ni 64GB au chini ya hapo. Ukikopi zile GB za mwanzo zinaingia vizuri kabisa na video zinacheza, muuzaji hata akikuonyesha dukani itafanya kazi, ila ukishapita uwezo wake inaanza kuandika juu ya vilivyotangulia au inatupa tu hewani, na ubaya wake majina ya mafaili yote unayaona yamejipanga na saizi zake zipo. Unakuja kufungua baada ya wiki mbili ndo unakuta nusu hayafunguki. Kwa mtu wa harusi hapo umekwisha, bwana harusi hawezi kurudi kanisani kwa ajili yako.

Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza diski yote halafu inasoma ilichoandika kuona kama kipo. Wa Linux wanatumia F3. Inachukua muda ila kitu chochote kipya, hata flashi, hata ya duka kubwa, kipitishe hapo kabla hujaweka kazi ya mtu. Na tumia akili ya kawaida tu, SSD ya eksteno ya 8TB ya kampuni inayojulikana inagonga milioni na zaidi, huyo mwenye mara mbili yake kwa elfu 55 amezitoa wapi? HDD za 16TB ndo zipo, ila hizo ni zile nene za inchi 3.5 zinazotaka umeme wake pembeni, haiingii mfuko wa shati labda shati la baba yako wa kanzu.

dogo_wa_nyegezi

Hahaha shati la kanzu 😂😂

Bwana_Sato

Tuongee namba kidogo maana watu wengi wananunua diski kwa kukisia. A7 III ukiiweka 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, gawa kwa 8 unapata megabaiti 12.5, zidisha kwa saa nzima ni kama 45GB. Sasa chukua harusi yako ya kawaida ya hapa Mwanza, maandalizi nyumbani, kanisani, picha Capri Point kwenye mawe, ukumbini mpaka saa sita usiku MC hataki kuachia maiki, kila kamera tuseme imerekodi masaa matano. Kamera mbili ni 450GB. Kwahiyo 2TB yako ni harusi nne tu mkuu, ya tano unaanza kufuta. Sio kwamba eksteno ni ndogo, ni kwamba hujawahi kuipigia hesabu na bei yako ya kazi haimo ndani.

Ushauri wangu usichague kimoja, kila kimoja kina kazi yake. SSD ya eksteno ya 1TB, mfano Samsung T7 ambayo kwenye makaratasi inafika megabaiti 1050 kwa sekunde, hiyo weka harusi UNAYOIEDITI sasa hivi, taimulaini inateleza hata kwenye laptopu ya kawaida. Ukimaliza unahamishia kwenye HDD kubwa na SSD inabaki wazi kwa kazi inayofuata. Kununua SSD za kurundika kazi za zamani ni kuchoma hela, na tena SSD haipendi kutupwa kabatini mwaka mzima bila umeme, chaji inayoshikilia data huwa inavuja taratibu hasa kwenye joto.

HDD sasa. Zile ndogo za inchi 2.5 nyingi siku hizi ni SMR, yaani njia za kuandikia zimelaliana kama mabati ya nyumba, ukitaka kubadilisha bati la chini lazima uguse la juu. Ndo maana ukikopi mzigo mkubwa inaanza kwa kasi halafu katikati inashuka mpaka unadhani imekufa. Haijafa, inapanga mabati. Kwa kuhifadhi tu haina shida, kwa kuediti humohumo ndani ni mateso.

Na angalia matundu ya kompyuta yako. Tundu jeusi mara nyingi ni USB 2.0, unapata kama megabaiti 35 kwa sekunde ukibahatika, hiyo 450GB itakuchukua masaa matatu na nusu. Tundu la bluu ni USB 3.0, HDD ileile itaenda kwenye 110 hivi, saa moja na kidogo umemaliza. Nimeona watu wanalalamika diski mbovu kumbe wamechomeka tundu la mausi.

mama_stationary

Mimi naongezea upande wa kumkabidhi mteja maana huko ndo kelele zinapotokea. Siku hizi DVD hakuna anayetaka, wote wanasema niwekee kwenye flashi. Sasa unamwekea faili moja la GB 9, anaenda nalo nyumbani Sengerema, TV haisomi, anapiga simu saa tatu usiku ukoo mzima umekaa sebuleni unasubiri. Shida ni kwamba TV nyingi za bei nafuu zinaelewa FAT32 tu (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye flashi), na FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4. Ukiiformati exFAT, mfumo mpya zaidi, faili linaingia lakini TV inaandika hakuna kitu.

Ninavyofanya, natoa video mbili. Moja nzuri ya 4K abaki nayo kwenye laptopu, nyingine 1080p (ubora wa chini ya 4K), MP4 ya H.264, namna ya kuminya video inayosomeka karibu kila mahali, naikata vipande, kanisani kivyake, ukumbini kivyake, kila kipande chini ya GB 4, kwenye flashi ya FAT32. Hiyo inacheza mpaka kwenye TV ya bibi. H.265, ile namna mpya zaidi ya kuminya, usijaribu kumpa mteja usiyeijua TV yake, utasikia sauti ya kwaya bila picha.

KijanaWaKirumba

Dada hapo kwenye sauti bila picha umenikumbusha mbali 😂 ila wakuu mnazunguka sana, mimi naona mtandaoni ndo mwisho wa mambo, diski zote zinakufa tu.

Bwana_Sato

@KijanaWaKirumba sawa, chukua kasi ya kupakia ya megabiti 10, na hiyo ni ile siku intaneti imeamka vizuri. GB 400 itakuchukua kama masaa 89, karibu siku nne mfululizo usiku na mchana umeme usikatike hata mara moja. Jumamosi ijayo harusi nyingine ishafika. Google Drive ya bure ni GB 15, haitoshi hata maandalizi ya bibi harusi. Na ile Google Photos ya kuweka bure bila kikomo walishaifunga Juni 2021.

Mtandaoni weka KAZI ILIYOISHA sio malighafi, yaani video ghafi kabla ya kuediti. Filamu ya saa moja na nusu ni GB chache. Wengine wanapandisha YouTube kwa ile namna ya wenye linki tu, hailipiwi, sema wanaiminya ubora unashuka, na ukiwa umeweka nyimbo za watu mfumo wao unazitambua na video inaweza kuzuiwa. Kama nakala ya dharura sio mbaya.

jiwe_la_bismarck

Hapo ndo penyewe. Kuna mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, ndo aliyeeneza ile kanuni ya tatu mbili moja: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja iwe nje ya jengo. Watu wa kompyuta wanaihubiri siku hizi kama yao ila imetoka kwa mtu wa kamera kama wewe. Kwa hela yetu ya hapa hata nakala mbili ni hatua. HDD mbili, moja ofisini, nyingine nyumbani kwako au kwa mama. Mwizi akiingia ofisini anabeba kompyuta, eksteno na ile nakala uliyoiweka droo ya chini yake, hachagui.

shemeji_wa_nansio

Mimi nina mtazamo tofauti na nyie wote. Kwanini unatunza malighafi ya watu? Mkataba wangu unasema siku 90 baada ya kukabidhi nafuta kila kitu, mteja anasaini. Akitaka zitunzwe alete HDD yake au alipie. Mimi sio makumbusho.

mama_stationary

Shemeji mkataba sawa, lakini kuna siku mteja alirudi, sendofu ilishapita muda mrefu, baba mzazi amefariki, anaulizia kama kuna kipande baba anaongea ambacho kwenye video ya mwisho kilikatwa. Kilikuwepo, dakika sita hivi, mzee anatoa wosia kwa Kisukuma na watu wanacheka nyuma. Hiyo familia mpaka leo harusi zao zote zinakuja kwangu. Kwahiyo mimi sifuti yote, nabakiza risala na hotuba za wazee, vile vipande vya keki na watu wanakula ndo natupa.

shemeji_wa_nansio

Hapo kwa wazee nakubaliana, ila keki masaa mawili kwa kweli hapana. Na siku 90 zangu hazibadiliki.

Mpigapicha_Igoma

Wakuu nimerudi. Ukerewe imetoka yote kasoro faili mbili na hizo ni za dronu, tena nina kadi yake sijaiformati, namshukuru Mungu na @jiwe_la_bismarck. Ilikuwa kweli nachomeka tundu jeusi hahaha. Kwahiyo mpango, SSD 1TB ya kuedit, HDD mbili za 4TB, H2testw kwanza. Swali la mwisho, hizo HDD ninunue zile ndogo au zile nene za kuchomeka umeme?

Fundi Mabatini

Nene kwa hela hiyohiyo unapata nafasi kubwa zaidi na ni rahisi kumhudumia mgonjwa, nyingi ukizivua kasha ndani ni diski ya SATA ya kawaida, unaichomeka kwenye kompyuta yoyote ya mezani, wakati baadhi ya ndogo tundu la USB limechomelewa palepale kwenye bodi yake, tundu likivunjika fundi anaanza kuhangaika. Ila nene umeme ukikatika katikati ya kukopi unazima hapohapo, ile ndogo inakula umeme wa laptopu hivyo inaendelea. Kama huna UPS (betri ya akiba ya umeme) chukua ndogo. Ukishika nene hakikisha ina UPS, na ujifunze kuitoa kwa utaratibu sio kuchomoa tu kama chaja.

Mpigapicha_Igoma

UPS sina. Ndogo basi. Asanteni sana, huyo jamaa wa 16TB kanipigia tena asubuhi kashusha mpaka elfu 40.

dogo_wa_nyegezi

Msubiri jioni atafika elfu 15 😂

mama_stationary

Jamani na mimi nina boksi la DVD tupu halijafunguliwa toka enzi hizo, kuna anayezihitaji? Bei ya kutupa.

Bwana_Sato

Mama peleka shambani Magu, zifunge kamba kwenye mpunga, ndege wanaogopa ule mng'ao. Mimi zangu zote ziko huko.