Kortisoli yangu 890, ya pacha wangu 410: ni kwa sababu mimi ni mwanamke?

Kulwa_wa_Mwanza
Habarini za jioni. Mimi na Doto, pacha wangu wa kiume, tuna miaka 34. Mwezi uliopita tulienda kupima pamoja kwa kuwa mama ana presha na mimi nachoka sana. Tulitolewa damu saa mbili na nusu asubuhi, kiti kimoja, mmoja baada ya mwingine. Kortisoli, ile homoni ya msongo, ya Doto ilitoka 410, yangu 890, na karatasi inasema mwisho wa kawaida ni 690. Aliyetupa majibu akaniambia, "Nyinyi wanawake mnabeba mengi moyoni." Basi. Tangu siku hiyo silali vizuri. Tunauza mbegu duka moja, madeni yetu ni yale yale. Je, ni kweli tezi za mwanamke hutoa homoni ya msongo kuliko za mwanamume? Au naumwa?

Mzee_wa_Maabara
Pole sana dada Kulwa. Nimekaa maabara miaka 19. Kabla ya lolote: unatumia njia gani ya uzazi wa mpango?

Kulwa_wa_Mwanza
Shikamoo mzee. Vidonge vya kila siku, mwaka wa pili sasa. Hakuna aliyeniuliza.

Mzee_wa_Maabara
Marahaba. Ulipaswa kuulizwa kabla hujakunja mkono wa blauzi, na inaniuma kila nikisikia hivi.

Vidonge vingi vya kila siku vina estrojeni. Ukiimeza hupita kwenye ini, na ini huanza kutengeneza kwa wingi protini inayobeba kortisoli kwenye damu. Kortisoli iliyobebwa haifanyi kazi. Inayofanya kazi ni ile iliyo huru, sehemu ndogo tu. Kipimo chako kimehesabu zote kwa pamoja. Wabebaji wakiongezeka, jumla hupanda, hata kufika maradufu, huku ile huru ikibaki karibu pale pale. Kwa hiyo 890 peke yake haithibitishi ugonjwa, wala hayo ya moyoni.

Usiache vidonge kimyakimya, utapata mimba usiyoipanga. Mwambie daktari unavitumia. Anaweza kukupa njia nyingine isiyo na estrojeni kwa wiki sita hivi kisha damu irudiwe, au apime kortisoli ya mate usiku, au mkojo wa saa 24. Ila ukiona michirizi ya zambarau tumboni, michubuko bila kugonga popote, au mapaja yamelegea hata kuinuka kwenye kigoda ni shida, usingoje wiki sita. Nenda kesho.

Binti_wa_Panya
Namuunga mkono mzee. Niongeze kuhusu swali la jinsia, maana kwenye shahada ya uzamili nililea panya weupe.

Kwa panya, ndiyo. Homoni yao kuu ya msongo ni kortikosteroni. Ukimbana jike ndani ya bomba la plastiki kwa nusu saa, yake hupanda kuliko ya dume, na hata tezi zake za adrenali, zile za juu ya figo zinazotoa homoni hiyo, ni nzito zaidi. Dume akihasiwa, kiwango chake hupanda. Akirudishiwa testosteroni, hushuka. Jike akitolewa ovari hushuka, akipewa estrojeni hupanda tena. Homoni hizi za jinsia hufanya kazi yake huko juu, kwenye ubongo na pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo inayoituma adrenali kazi.

Kwa binadamu mambo hayaendi hivyo, na hapa ndipo watu wanapokosea. Huko Trier, Ujerumani, mtafiti Kirschbaum na wenzake walitengeneza jaribio la kumtia mtu msongo: unahutubia watu wasiokuchekea, kisha unapiga hesabu za kutoa kwa sauti. Walipopima mate, yaani ile kortisoli huru, ya wanaume ilipanda zaidi. Wanawake waliokuwa nusu ya pili ya mzunguko, baada ya yai kutoka, walikaribiana na wanaume. Waliokuwa nusu ya kwanza, na wale wanaomeza vidonge kama wewe, ilipanda kidogo. Kinyume kabisa na ulichoambiwa dirishani.

Kulwa_wa_Mwanza
Nimesoma mara tatu, na nimemsomea Doto kwa sauti. Michirizi sina, michubuko sina. Jumatatu narudi kwa daktari na pakiti ya vidonge mkononi, nitaiweka mezani kabla sijakaa. Mzee, mkojo wa saa 24 unahifadhiwaje mtu akishinda dukani?

Mzee_wa_Maabara
Watakupa dumu lao. Ule wa kwanza wa asubuhi mwaga, andika saa, kisha kusanya wote hadi saa ile ile kesho yake. Weka pahali pa baridi. Siku hiyo Doto afungue duka.