Naomba ushauri: mishale yangu inakwenda kushoto nikilenga kwa mbali

Wakubwa shikamooni. Niko Sikonge, mkoani Tabora, na tangu masika yalipokwisha najifunza kulenga kwa upinde wa kuwindia alioniachia marehemu babu, ingawa shabaha yangu ni gunia lililoshindiliwa nyasi kavu chini ya mwembe, maana kuwinda bila kibali ni kujitafutia kesi.

Katika hatua 10 sina shida. Nikirudi hadi hatua 25, mishale mitatu kati ya minne huchoma shubiri nzima kushoto mwa alama, tena hukusanyika mahali pamoja, jambo linalonifanya nishuku kwamba kosa ni moja na linajirudia. Navuta kwa mkono wa kulia hadi kidole cha shahada kiguse pembe ya mdomo. Hata hivyo jirani yangu anasema kwamba ninapoachia, mkono huo huchepuka kando badala ya kurudi nyuma moja kwa moja, na kweli upote, yaani kamba ya upinde, umenichubua mkono wa kushoto mara mbili. Yeye hajawahi kushika upinde, lakini macho anayo.

Wasiwasi mwingine ni mishale yenyewe. Niliichonga minene, nami naelewa kwamba mshale hauna budi kujipinda kidogo unapopita ubavuni mwa upinde, hivyo ulio mgumu kupita kiasi huweza kukimbilia kushoto kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia. Je, nianze kurekebisha mkono, au niikwangue kwanza mishale? Nasita kuikwangua, kwa kuwa ikishapungua hairudi.