Swichi ya funguo inagoma kuzunguka: wenye magari ya zamani tupeane uzoefu

Wakuu, gari langu lina zaidi ya miaka 20. Wiki tatu zilizopita ufunguo uliingia vizuri, ukagoma kuzunguka. Nikaulazimisha mpaka nikaona shingo yake inaanza kupinda, nikaacha. Kumbe nilikuwa nimeegesha tairi la mbele likiegemea ukingo, kwa hiyo kile chuma kinachofunga usukani kilikuwa kimebanwa. Nikaushika usukani, nikausukuma upande uliokuwa na mchezo kidogo huku nikizungusha ufunguo taratibu. Ukakubali. Ila kesho yake ukagoma tena, na safari hii matairi yalikuwa yamenyooka kabisa. Nimeshatengeneza, nitaeleza baadaye. Nani mwingine yalimkuta, na alifanyaje?

———

Mkuu, kwangu mbovu ulikuwa ufunguo, swichi haikuwa na neno. Ndani ya silinda, yaani ile sehemu ya swichi ufunguo unapoingia, kuna vibati vidogo vyenye springi, na kila kibati lazima kikae usawa wake ndipo silinda izunguke. Meno ya ufunguo yakilika, vibati havifiki. Nilichukua ufunguo wa akiba uliolala droo miaka mingi, nikaulaza juu ya ule ninaotumia kila siku na kuuangalia kwenye mwanga: meno ya ule wa kila siku yalikuwa mviringo kabisa. Wa akiba ukazungusha mara ya kwanza. Kosa nililokuwa nimefanya ni kuchonga nakala kutoka kwenye ufunguo uliolika. Nakala hurithi ulemavu wote. Kama una namba ya ufunguo, mchongaji achonge kwa namba hiyo.

———

Naongezea: msimwage oili ya injini kwenye tundu la ufunguo. Mimi nilimwaga, swichi ikalainika kama wiki mbili, halafu vumbi likaganda na oili ikawa tope jeusi. Ufunguo ulikuwa unatoka umepakaa uchafu. Ilibidi silinda itolewe na kuoshwa. Sasa natumia unga wa grafaiti, kidogo sana, maana grafaiti inapitisha umeme na ukizidisha unaweza kufika kwenye swichi ya umeme iliyo nyuma.

———

Hiyo ya nyuma ndiyo iliyonitesa mimi! Ufunguo ulikuwa unazunguka vizuri, lakini nikipita kwenye matuta taa za dashibodi zinapepesa. Sikujali. Siku moja gari likazima kwenye mteremko. Usukani ukawa mzito ghafla, na nilijua breki zimebaki na nguvu ya kukanyagwa mara chache tu, kwa hiyo nilikanyaga mara moja nikashikilia mpaka gari likasimama pembeni. Ufunguo sikuuchomoa wala kuurudisha mwisho, maana usukani ungejifunga.

Fundi umeme alinionyesha: nyuma ya silinda kuna kipande cha plastiki chenye vibati vya shaba, na vyangu vilikuwa vimeungua vikawa vyeusi. Kwenye gari langu kinauzwa peke yake na kinashikwa na skrubu mbili, kwa hiyo funguo zilibaki zile zile. Akaniambia pia nipunguze rundo la funguo lililokuwa linaning'inia pale. Na uzito huo si jambo dogo. Mwaka 2014 General Motors waliita magari zaidi ya milioni 2 yarudishwe kurekebishwa kwa sababu ya swichi iliyoweza kuteleza kutoka ON (hatua ya gari kuwaka) gari likiwa barabarani, injini ikazima na mifuko ya hewa isifumuke. Mpango wa fidia ulikubali madai ya vifo 124.

———

Jamani, mimi niliambiwa nikate kufuli la usukani niweke kitufe cha kuwashia, eti kazi ya nusu saa. Nilikataa na bado nakataa. Chuma hicho kikiachwa nusu nusu kinaweza kushuka ukiwa kwenye kona.

———

Asanteni sana. Kwangu ilikuwa silinda. Nilianza kwa spana namba 10, nikafungua waya wa hasi wa betri, nikasubiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari ili mfumo wa mifuko ya hewa upoteze chaji. Soketi za njano, zile za mifuko hiyo, sikuzigusa. Nikatoa kava za chini ya usukani, nikaweka ufunguo kwenye ACC (hatua ya redio, kabla ya ON), nikaingiza waya mwembamba mgumu kwenye kitundu cha pembeni na kubonyeza pini. Silinda ikateleza ikatoka mkononi. Kibati kimoja kilikuwa kimevunjika na kipande chake kimejikita kati ya vingine viwili, ndiyo maana siku nyingine ilikubali na siku nyingine ikagoma.

Nilinunua silinda mpya. Kabla ya kurudisha kava nilijaribu kila hatua mara kumi: ufunguo usitoke ikiwa ON, usukani ufunguke na kujifunga, stata iachie nikiachia ufunguo. Mara ya tatu stata ilichelewa kuachia, nikagundua silinda haijakaa sawa na ulimi wa swichi ya nyuma. Nikaitoa, nikaipanga upya, ikatulia.

Aliyewahi kutoa nyumba nzima ya kufuli, ile yenye bolti ambazo vichwa vyake hukatika zikikazwa, atueleze alizitoaje bila kuharibu nguzo ya usukani. Jirani yangu anasubiri jibu hilo, na gari lake halijatoka.