Mjadala: Mtoto mwenye ualbino akionewa shuleni, ahame yeye au lifundishwe darasa?

Mama wa Gungu (mwanzisha mada):

Wadau, hili limetugawa wazazi hapa Kigoma mjini, na sidhani kama ni shule yetu peke yake. Nalileta tulijadili kwa hoja.

Ni shule ya msingi ya serikali, jina naliacha. Darasa la nne lina mtoto wa kiume mwenye ualbino, wazazi wake ni watu wa dagaa wa Kibirizi. Wakati wa mapumziko wenzake walimvua kofia wakaanza kurushiana, yeye katikati akimkimbilia kila anayeidaka, mpaka ikatua juu ya paa. Mapumziko yote alikuwa uwanjani kichwa wazi kwenye jua la saa nne na nusu. Mmoja akamwita "dili". Mtoto wa miaka kumi anamwita mwenzake dili, yaani mali ya kuuzwa! Jioni masikio na shingo vilikuwa vimeiva, na kesho yake hakwenda shule.

Kikao cha wazazi kikaitishwa. Kundi la kwanza likasema wahusika wachapwe mstarini, yaishe. La pili, tena lenye watu wazima wenye nia njema kabisa, likasema mtoto atafutiwe shule maalumu ya bweni "akakae na wenzake". Mwalimu mmoja akasimama kueleza kwamba mambo haya yamo tayari kwenye Uraia na Maadili, kwa hiyo shule imetimiza wajibu wake.

Msimamo wangu: mtoto asihamishwe, darasa lifundishwe. Na nikisema lifundishwe sina maana ya kuhubiriwa.

Baada ya kikao niliwauliza wanangu, mmoja anasoma darasa hilohilo, kwa nini yule mwenzao anavaa kofia. Jibu: "Anapendelewa." Shule hairuhusu kofia, kila mtoto anasimama mstarini kichwa wazi, yeye peke yake kavaa, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaambia sababu. Kwa nini anatoka kwenye dawati kwenda kusoma akiwa amekaribia kugusa ubao? "Anatuziba makusudi." Yale mafuta anayojipaka? "Ana maringo." Macho yake yanavyochezacheza? Wakacheka.

Watoto hawa hawajafundishwa kitu. Hawajui kwamba ngozi ya mwenzao haina ile rangi inayotukinga sisi na jua, na kwamba jua hilo, likimchoma mwaka hadi mwaka, linazaa saratani ya ngozi, ambayo imewaua wengi wenye ualbino wakiwa bado vijana. Hawajui kwamba macho hayachezeshwi kwa kupenda, na kwamba miwani peke yake haimalizi tatizo la kuona mbali. Hawajui hata kwamba baba na mama weusi kama sisi wanaweza kumzaa mtoto huyu, kila mmoja akiwa amebeba sehemu yake ya urithi bila kujua. Unamwambiaje mtoto "mwonee mwenzako huruma" wakati anaamini mwenzake anapendelewa?

Mwalimu mmoja ninayemfahamu alichukua ile nailoni ya kufunikia daftari, akaipaka mafuta ya kupikia kidogo, akawapa watoto waishike mbele ya macho mmoja mmoja, wakiwa wamekaa dawati la nyuma, wasome alichoandika ubaoni. Wakaanza kunyanyuka wenyewe kusogea mbele. Hakuwaambia neno juu ya wema. Aliwauliza tu: mmenyanyuka kwa nini?

Kuhusu Uraia na Maadili: somo limekuwepo na mtihani wake umekuwepo hadi wa kumaliza elimu ya msingi. Sasa mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili. Silipingi. Lakini maswali mengi ya mtihani ni ya kuchagua herufi. "Mwenzako mwenye ulemavu akisumbuliwa utafanya nini?" Hakuna mtoto wa darasa la nne asiyejua herufi ya kuchagua. Waliorusha ile kofia wangeipata wote.

Viboko nitavimaliza haraka. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Hata vikifuata kanuni, mtoto aliyechapwa kwa ajili ya kofia atamsubiri mwenye kofia njiani jioni.

Karibuni.

Baba wa Kasulu:

Shikamoo mama. Nakuheshimu ila hapa sikubaliani nawe. Unazungumzia nailoni na mafuta ya kupikia, mimi nazungumzia uhai. Sisi wa Kasulu tunaikumbuka Kabanga, ile shule ya bweni iliyogeuka kituo cha hifadhi. Mauaji ya wenye ualbino yaliposhika kasi kuanzia 2007, watoto wenye ualbino waliletwa pale kutoka wilaya hata mikoa mingine, wengine na mama zao, wakaishi ndani ya uzio. Hawakuletwa kwa sababu ya kuchekwa. Waliletwa wasikatwe viungo vya kupelekwa kwa waganga. Na usiniambie ni habari za zamani: 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu aliuawa Muleba, Kagera, mkoa unaopakana na wetu. Anayemwita mtoto "dili" leo, kaka yake anayesikia anaweza kuwa na mawazo mengine. Mimi ningekuwa baba yake ningempeleka bwenini kwenye uzio na mlinzi. Hayo mafunzo ya darasa yatamkuta yuko salama.

Mtani wa Mwanga:

Mnalikuza jambo dogo. Watoto wanataniana tangu dunia iumbwe. Sisi tuliitwa majina yote na tumekua.

Mama wa Gungu:

Ndugu yangu wa Mwanga, utani tunaujua. Mtani unamtania naye anakurudishia, na ukifiwa ndiye wa kwanza kufika msibani, anakuchekesha huku anachimba kaburi. Yule mtoto alimrudishia nani? Kundi zima dhidi ya mmoja, na kitu walichokishika ndicho kinachomlinda ngozi. Huo sio utani.

Baba wa Kasulu, marahaba. Hoja yako ni nzito na siwezi kuipuuza. Kabanga iliokoa watoto, na waliowapokea wakati ule Mungu awalipe. Lakini ule ulikuwa mpango wa dharura. Tukiufanya jibu la kila siku, kila mtoto anayechokozwa ataondoka, na wanaobaki watakua hawajawahi kukaa dawati moja na mtu mwenye ualbino. Watu wa namna hiyo ndio wanaoamini hadithi za waganga, maana hawana wanayemjua wa kuwaonyesha kwamba ni uongo. Mtoto aliyegawana muhogo na mwenzake tangu darasa la kwanza huwezi kumshawishi ukubwani kwamba yule ni mzimu au ni mtaji. Na akisikia mtu anaulizauliza mwenzake anapita njia gani kwenda nyumbani, atakuja kusema. Uzio hauna masikio hayo.

Tena Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma na wenzake. Kumhamisha kwa sababu shule haijafundisha watoto wake ni kumwadhibu aliyekosewa.

Mwalimu Uvinza:

Naomba nisikike na mimi, maana hapa mwalimu ndiye anayebebeshwa mzigo. Nina darasa la watoto zaidi ya mia. Kila jambo likiharibika mtaani linaletwa shuleni: UKIMWI sisi, mazingira sisi, usalama barabarani sisi, klabu za kupinga rushwa sisi, na sasa huruma. Mwisho wa mwaka afisa elimu haniulizi watoto wangu wana huruma kiasi gani. Ananiuliza ufaulu. Na hilo neno "dili" mtoto hakulipata kwenye kitabu chochote cha serikali. Amelisikia nyumbani, kijiweni, kwenye boti. Mnataka nilifute mimi kwa chaki? Kaanzeni huko.

Ila nakubaliana na mama katika moja. Mtoto mwenye uoni hafifu hupewa karatasi ya maandishi makubwa siku ya mtihani wa taifa. Siku nyingine zote za mwaka ananakili ubaoni kama wengine, au hanakili kabisa. Hiyo inaniuma, na sijaipatia dawa.

Binti wa Buhigwe:

Nimesoma kimya, sasa niseme, maana mnanizungumzia mimi. Nina ualbino. Nilipelekwa bwenini mdogo sana, na baba wa Kasulu, niko hai, kwa hiyo sitabeza. Kule tulikuwa wengi, hakuna aliyenishangaa, mafuta tulipaka pamoja asubuhi. Shida ilikuwa likizo. Wadogo zangu waliniamkia kama mgeni. Watoto wa majirani hawakujua jina langu. Nilipoingia sekondari ya kata nilikuwa mgeni kwenye kijiji nilichozaliwa, na hofu ya mama ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu hakuna mtu pale aliyenizoea. Ule usalama wa uzio uliishia getini.

Mama wa Gungu, nakuunga mkono, ila nakuomba jambo moja kwa msisitizo. Msimsimamishe yule mtoto mbele ya darasa kufundishia. Mimi nilisimamishwa. Mgeni alikuja shuleni kutoa elimu, akanishika mkono akasema "mnamwona mwenzenu huyu, naye ni binadamu". Alikuwa na nia nzuri, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kabla ya hapo kuna wenzangu ambao hawakuwahi kufikiria kama lilikuwa swali.

Somo la ngozi liwe somo la ngozi, sayansi ya kawaida: ngozi ya kila mtu, macho ya kila mtu. Na msimfanye yeye awe kesi pekee darasani. Hapa Kigoma kuna mtoto anaitwa "mkimbizi" kwa lafudhi tu, hata kama babu yake kazaliwa Heru Juu, humuhumu mkoani. Kuna mwenye kigugumizi. Kuna anayekuja bila viatu. Fundisheni kuwaona hao wote, na yeye awe na zamu yake ya kumsaidia mtu. Mimi kilichonipa marafiki ni hesabu. Nilikuwa naziweza, wakaanza kunifuata niwaelekeze, na wao wakawa wananisomea ubao. Hakuna aliyetuambia tupendane.

Na kofia ishonwe kamba ya kidevuni. Mama yangu alifanya hivyo.

Mama wa Gungu:

Binti yangu, asante. Hilo la kumsimamisha mbele lilikuwa limeshapendekezwa kwenye kikao chetu na lilipita bila mtu kupinga. Nitalipinga kwa maneno yako.

Mwalimu wa Uvinza, nakusikia juu ya mzigo, na ni kweli neno lile limetoka kwetu watu wazima. Kwa hiyo nitakachopeleka kwenye kamati ya shule ni hiki. Mkuu wa shule awaeleze watoto mstarini, mara moja na kwa uwazi, kwamba kofia ni kinga, na sababu yake ni ipi. Mwalimu wa sayansi afundishe ngozi na macho kama alivyosema binti wa Buhigwe. Kila dawati liwe na zamu ya kumsomea ubao jirani asiyeona vizuri, awe na ualbino au asiwe nao, na zamu hiyo iingie kwenye ratiba kama ilivyo ya kufagia. Waliorusha kofia waende na wazazi wao, siyo peke yao, kwa mama wa yule mtoto, wakae wamsikilize. Wazazi wasiotaka kwenda tutajua neno lilianzia wapi.

Suala la ulinzi wa njiani alilolisema baba wa Kasulu ni la serikali ya mtaa na polisi jamii. Nakubali lisimamiwe kwa uzito wake, lakini lisitumike kumwondoa darasani.

Kinachonishinda ni mafuta ya kukinga jua. Ya Kilisun yanatengenezwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, na toka Moshi mpaka Kibirizi ni mbali. Kichupa kikiisha, mama anangoja. Mwenye kujua yanapatikanaje kwa uhakika hapa mkoani aandike hapa.

Na wewe mwalimu, kwa darasa lako la mia na zaidi, ile zamu ya kusomeana ubao inawezekana, au itavunjika wiki ya pili? Nijibu kwa uzoefu wako, kamati inakutana Ijumaa.